Sweta la Mwalimu Nestori na Nyuzi Zinazofifia

Siku yangu ya kwanza kazini sikufuma hata kitanzi kimoja. Bibi Zaituni alinipa sweta kuukuu la mtoto, la kijani, lililotoka kwenye bunda la mitumba, akaniambia nilifumue lote bila kukata uzi. Nilikuwa nimefika mji huu wa Rumonge, kando ya ziwa, na mume wangu kutoka Uvira, bado kijana, nikijiona fundi kwa sababu kule kanisani kwetu nilijifunza kufuma vitambaa vya viti kwa kroshia. Nikavuta uzi kwa kujiamini. Nilipofika kwapani ukajifunga fundo juu ya fundo, na jioni ikanikuta nimeinama palepale. Bibi Zaituni akaja, akatazama, akasema, "Sasa umejua mahali ambapo aliyelifuma alichoka."

Ninyi wenzangu mliobaki kwenye atelie, karakana yetu ya kufuma, mmeniomba niandike nilivyofanya kazi, sasa kwa kuwa nimeacha. Naanzia na kazi hiyo ya kufumua kwa sababu wengi wenu mnaiona ni adhabu. Mimi pia niliiona hivyo kwa muda mrefu. Nilifumua sweta za watu wazima, kofia, soksi, na gauni moja la sufu ambalo sijui ni nchi gani mtu huvaa kitu kama kile. Lakini mtu akifumua kazi ya wengine anaona kila walichofanya: nani alikaza, nani aliharakisha mikono, nani alikosea akaficha. Nilipoanza kushika sindano nilikuwa nimeshapita katika makosa ya watu wengi.

Kwa wale ambao hawakumkuta, Bibi Zaituni alizaliwa hapa hapa mjini, babu yake alikuja na biashara kutoka upande wa Ujiji akaoa na kubaki. Alikuwa Mwislamu wa kuswali kwa wakati, na mimi ni mtu wa kwaya. Ijumaa hakufanya kazi yeye, Jumapili sikufanya mimi, wateja wakazoea. Alikuwa mfupi, na sauti yake haikupanda hata akikasirika. Ndiyo maana tulimwogopa.

Watu walituuliza kila siku nani anavaa sweta Rumonge, kwenye joto hili ambalo mafuta ya mawese hayagandi hata asubuhi. Jibu la Bibi lilikuwa moja: watoto wachanga, wavuvi wanaolala ziwani, na watu wote wanaokaa juu yetu, milimani kwenye baridi. Wanafunzi wa bweni wa milimani walikuja kwetu kabla ya shule kufunguliwa. Wakulima wa Bugarama, huko huko juu, walikuja wakishateremsha maharage sokoni. Sisi tulitokwa na jasho ili wao wasitetemeke.

Vifaa vilikuwa vya kutafuta. Sindano zangu za kwanza zilikuwa spoki za baiskeli, zimesuguliwa kwenye jiwe mpaka ncha zikalainika, na mwisho wake umefungwa vipande vya ndala ili vitanzi visianguke. Kitu kigumu zaidi katika mji huu kilikuwa kuweka sufu mbali na samaki. Sufu hunywa harufu. Tuliweka nyuzi kwenye madebe yenye vifuniko, tukanawa mikono kila tulipotoka sokoni, na mtu aliyekula ndagala, wale dagaa wa ziwani, mchana alinawa mikono kwa sabuni mbele ya Bibi. Hata hivyo mama mmoja wa Kabezi alirudisha kofia ya mtoto akisema paka wa nyumba hamwachi mtoto alale. Bibi Zaituni aliinusa, akafuma nyingine, na ile ya kwanza akampa jirani asiye na paka.

Baada ya sweta za shule, ambazo ni za rangi moja na mtu anaweza kuzifuma huku akigombana na mumewe, ndipo aliponifundisha nyuzi mbili. Mnajua kazi yenyewe: rangi moja mkono wa kulia, nyingine mkono wa kushoto, na ile isiyotumika inapita kwa ndani ikisubiri zamu yake. Ukiuvuta sana ule uzi wa ndani, nguo inakunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Ukiulegeza, mtoto akivaa kidole kinanasa. Bibi hakutazama kazi kwa nje. Aligeuza ndani kwanza, akapitisha kiganja. "Nje ni ya watu," alisema. "Ndani ni ya anayevaa."

Michoro tuliichukua kwenye vikapu vya huku, ile mistari inayopanda na kushuka kuzunguka kikapu. Na kwa kuwa mitumba haikutupa sufu ya kutosha ya rangi moja, Bibi alibuni kitu chake. Alikusanya nyuzi za kijani za sweta mbalimbali, zilizopauka kwa kufuliwa na ambazo hazijapauka, akazipanga kutoka nzito hadi nyepesi, akaziunganisha moja baada ya nyingine. Sweta likaanza chini na kijani ya migomba likaishia mabegani na kijani ya kabichi changa, na huwezi kusema rangi ilibadilika wapi. Tuliziita nyuzi zinazofifia. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba huko nje kuna viwanda vinavyotia rangi uzi namna hiyo makusudi. Nilipomwambia, hakushangaa. "Wao wana mashine," alisema. "Ila wametufuata kwa kuchelewa."

Nyuzi hizo za kiwanda niliziona kwa macho yangu alipokuja Mwalimu Nestori. Wakati huo Bibi Zaituni alikuwa mzee na macho yake yote mawili yameingia ukungu. Alikuwa hafumi tena, ila alikuja kila siku, akakaa kwenye mkeka na kopo la chai, akishika kazi zetu moja baada ya nyingine.

Mwalimu Nestori alikuwa kijana wa miaka ya kuoa, mrefu kama angesimama wima, lakini mgongo wake ulipinda tangu utotoni. Bega la kulia lilikuwa juu, na chini yake mgongo ulitoka nje kama mtu aliyebeba kitu ndani ya nguo. Alivaa koti kubwa la mtu mwingine, la kitambaa kizito, saa sita mchana, Rumonge. Jasho lilimchuruzika hadi shingoni. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki.

"Amahoro," alisalimia. "Naambiwa hapa wanafuma mipira ya baridi."

"Sweta? Wanafuma," nilisema. "Karibu ukae."

Hakukaa. Alifungua mfuko akatoa madonge manne ya sufu. Mawili yalikuwa ya buluu, yanaanza na buluu ya ziwa wakati wa mvua yakafifia mpaka karibu na weupe. Mawili yalianza na wekundu wa matofali, yakapita kwenye rangi ya mawese, yakaishia rangi ya maziwa. Dada yake alikuwa amehamia Kanada na alimtumia, kwa sababu alisikia ndugu yake amepelekwa kufundisha Bugarama. Wasichana wote wa atelie waliacha kazi wakaja kushika.

"Hayo ndiyo yote," alisema Mwalimu. "Hakuna mengine. Msinipotezee."

Nikachukua kamba ya kupimia. Yeye akarudi nyuma hatua moja na kushika koti kwa mikono miwili.

"Pimeni koti," alisema.

"Mwalimu, nikipima koti nitafumia koti."

Akasema, akiangalia mlangoni, kwamba fundi mmoja wa nguo alishamshauri aweke pamba upande wa kushoto ili pande zote ziwe sawa. "Mimi sitaki kufichwa," alisema. "Nataka kitu kinitoshe. Shati zangu zote zinainuka kwa nyuma. Na mimi mwalimu ni mtu wa kugeukia ubao. Watoto wananiangalia mgongo nusu ya siku. Hawanicheki, wana adabu. Lakini najua kile wanachokiona."

Ndipo Bibi Zaituni akaniambia kutoka kwenye mkeka, "Furaha, watoe hawa nje. Na wewe toka." Halafu akamgeukia Mwalimu. "Mwanangu, mimi sioni. Nimebaki na mikono tu. Vua koti uje hapa."

Tulisimama barabarani na wasichana, tukijifanya tunatazama magari yanayokwenda Nyanza-Lac. Ndani tulisikia sauti ya Bibi ikimuuliza mambo ya kawaida: mama yake ni wa wapi, Bugarama anakaa kwa nani, shule ina watoto wangapi darasa la kwanza. Baadaye sauti ya Mwalimu ikaita, "Huyo mama mwingine aingie." Nilimkuta amesimama na fulana, mikono imelala chini. Bibi alikuwa na kamba iliyofungwa mafundo, moja kwa kila kipimo. Akanishika mkono akaupeleka kwenye mgongo wa Mwalimu, polepole, kutoka kiunoni kwenda juu. "Hapa unaanza," alisema. "Hapa umejaa. Hapa unarudi. Shika ukumbuke, kamba haitakuambia yote."

Mwalimu akarudi Bugarama, maana shule ilikuwa inafunguliwa, na mimi nikabaki na madonge manne.

Nilianza vibaya. Nilishika buluu nzito na nyekundu nzito pamoja, kwa kuwa zilipendeza sana zikiwa kando kando kwenye mkeka. Nikafuma pindo na mstari wa kwanza wa michoro, wasichana wakasifu. Nikampelekea Bibi. Aliweka kazi karibu na dirisha, akaielekezea uso wake.

"Ni nyeusi," alisema.

"Ni buluu na nyekundu, Bibi."

"Mimi rangi zimeniacha, nimebaki na mwanga na giza. Hapa ni giza peke yake. Mchoro uko wapi?"

Nilikasirika, nasema kweli. Nilitoka nje na ile kazi, nikaitundika kwenye mlango, nikavuka barabara, nikageuka. Ilikuwa nguo moja yenye giza. Mchoro haukuwepo. Watoto wa darasani, wanaokaa mbali na ubao, wasingeona chochote isipokuwa umbo. Nikarudi nikafumua.

Mara ya pili nililigeuza donge jekundu. Nililianzia ndani, kwenye rangi ya maziwa, nikaiweka juu ya buluu nzito. Hapo hata Bibi aliona. Alicheka, akafuata mistari ya kikapu kwa ukucha. Nikaendelea kupanda, buluu ikififia, maziwa ikikolea kuwa mawese, na nilifurahi hata nikaimba. Lakini mtu akipanda na mwingine anashuka ngazi moja, lazima wakutane. Karibu na makwapa buluu ilikuwa ya katikati na mawese ilikuwa ya katikati, na siku hiyo Bibi alipitisha uso wake juu ya kazi, akakomea hapo.

"Hapa umeniacha," alisema. "Nilikuwa naona, sasa sioni."

Nilikaa chini. Zaidi ya hilo kulikuwa na shida nyingine ambayo nilikuwa naiahirisha. Mgongo wa Mwalimu ulihitaji mistari mingi zaidi kuliko kifua, la sivyo sweta lingeinuka kwa nyuma kama shati zake. Kuongeza mistari nyuma si kazi ngumu, unafuma upande wa mgongo peke yake, unarudi, unakwenda tena, na kila safari unakwenda mbali kidogo. Lakini kwa uzi unaofifia, kila mstari wa ziada unakula rangi. Ukirudi kifuani unakuta buluu imeruka, na mchoro nao umekatika, mistari ya nyuma haikutani na ya mbele. Nilifikiria kumrudishia sufu yake. Nilimwambia hivyo Bibi.

"Utamwambia nini?" aliuliza.

"Kwamba haiwezekani."

"Ameshaambiwa hivyo na mafundi wengine. Hakuja hapa kusikia hilo."

Siku mbili tatu nilifuma soksi za watoto wachanga nikiliangalia lile sweta kwa pembeni. Jibu lilinijia nikiwa nachemsha maharage, na nusura yaungue. Mahali pale rangi zinapokutana ndipo mgongo wake unapoanza kutoka. Kama Bibi haoni mchoro pale, basi pasiwe na mchoro. Nifume mkanda mtupu wa buluu kuzunguka mwili wote, na mistari yote ya ziada ya mgongo niipachike ndani ya mkanda huo, ambamo hakuna mchoro wa kukatika. Na buluu ya ziada nisiichukue kwenye donge la mwili. Niitafute kwenye lile donge la pili la buluu, nililoliweka kwa ajili ya mikono, nilikunjue mpaka nifike kwenye buluu inayofanana, nikate. Donge la mwili lingekaa linasubiri palepale lilipoachwa.

Kukata donge lile kulinitoa jasho. Nilimweleza Bibi kwanza. Alisikiliza, akaniomba nirudie sehemu ya mgongo.

"Pale ambapo mimi sioni," alisema, "wewe unapanua."

"Ndiyo."

"Kata."

Nilifuma mkanda ule bila kutazama kamba sana, mkono wangu ulikuwa unakumbuka ule mgongo. Juu yake michoro ilirudi, sasa mawese ikielekea wekundu wa matofali na buluu ikielekea weupe, ikaonekana tena hadi barabarani. Mikono ya sweta ilipungukiwa sufu, kama nilivyoogopa, kwa hiyo ncha zake za kiganjani nilimalizia kwa kijivu cha sweta za shule. Nilisema moyoni kwamba mwalimu akiwa na kijivu cha shule hakuna ubaya.

Mwalimu Nestori alishuka wakati wa likizo, na koti lile lile. Bibi Zaituni alitaka kututoa nje tena, lakini yeye akasema, "Hapana, Bibi, wakae, ndio waliofanya kazi." Akavua koti, akaingiza kichwa, akaingiza mikono. Nilivuta pindo kwa nyuma kwa mazoea, kama tunavyovuta kwa kila mtu, halikuhitaji kuvutwa. Lilizunguka kiuno usawa mmoja, mbele na nyuma. Ile mistari ya kikapu ilipanda juu ya mgongo wake na kuteremka upande wa pili kama barabara za kule Bugarama zinavyopita mlimani, bila kupasuka wala kukunjamana. Mgongo ulionekana. Ulionekana wazi kuliko chini ya koti. Lakini nguo ilikuwa imefumiwa mtu huyu na siyo mwingine, na jicho liliridhika.

Bibi akaomba amsogelee. Akapitisha viganja viwili kuanzia kiunoni hadi mabegani, akaingiza kidole ndani kutafuta uzi uliolegea, hakuupata. "Furaha," alisema, "hapa hukuchoka." Katika miaka yote niliyofanya kazi naye, hiyo ndiyo sifa pekee aliyonipa.

Mwalimu akatushukuru, "Murakoze. Murakoze cane." Halafu akaenda kukaa nje kwenye benchi akiwa amelivaa, kwenye lile joto, mpaka mmoja wa wasichana akamwambia atakufa kabla ya kufika Bugarama. Akacheka, akalivua. Koti alilisahau. Tulilitunza kwa muda, kisha Bibi akasema tulifanye matambara, na lilitufaa sana kufutia madebe ya nyuzi.

Bibi Zaituni alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata, nyumbani kwake, katikati ya wajukuu. Mkeka wake tuliuacha mahali pake na hakuna aliyeukalia, isipokuwa wateja wasiojua. Kazi iliendelea. Tulipata sindano za mviringo zenye kamba ya plastiki, tukapata mashine mbili, maji ya ziwa yalipopanda tukahamisha atelie kwenda juu ya barabara. Niliwafundisha wengi wenu, na kila mmoja nilimpa kwanza kitu cha kufumua. Mlinung'unika vizuri tu.

Mwaka huu, macho yangu yakiwa yameniambia niache na mimi nikiwa nimeshatangaza kuacha, Mwalimu Nestori alikuja tena. Sasa ni mtu wa mvi kidogo, ana mke na watoto, na ndiye direkta, mkuu wa ile shule. Alikuwa ndani ya sweta lake. Alimuulizia Bibi kwanza. Nilipomwambia kuwa hayupo tangu zamani, akaniambia kuwa alikuwa akijiahidi kuja kumsalimia kila likizo, na kila likizo kulikuwa na jambo.

Kisha akanyoosha mikono mbele yangu. Viwiko vyote viwili vilikuwa vimetoboka kwa kuegemea meza.

"Rangi hii haipatikani tena," nilisema. "Dada yako?"

"Nilimuuliza. Anasema kiwanda kimeacha."

"Naweza kutafuta buluu ya karibu karibu, nifiche."

"Usitafute," alisema. "Weka yoyote. Watoto wanajua mimi nakaa mezani sana."

Akalivua palepale, mbele ya wasichana wote na mbele ya mama wawili waliokuwa wanapima sweta za bweni, akanikabidhi, akabaki na shati. Nikamwita Mariamu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa atelie, nikampa kiwiko kimoja, mimi nikachukua kingine. Tukachagua kijani. Mwalimu akatoka kwenda kukaa kwenye benchi la nje, ametugeuzia mgongo, anaangalia magari na watu wa samaki wakipita, anasalimiana na kila mmoja. Mama mmoja akaniuliza sweta la mwanawe litakuwa tayari lini. Nikamwambia amuulize Mariamu. Mimi nilikuwa nahesabu vitanzi vya kiwiko, na ilinibidi nianze upya.